Basi au treni ni swali la mwisho

Jiji likianza kukwama kwenye foleni, mjadala wake huanzia pasipostahili. Wapo wanaotaka treni ya chini ya ardhi, wapo wa mabasi ya mwendokasi, wapo wa barabara za juu kwenye kila makutano, na siku hizi hakosekani wa kusema mabasi ya umeme yatamaliza kila kitu. Wote hao wanabishania chombo. Ukifuatilia majiji yaliyoweza kuwasafirisha watu wake bila kujichafua wala kufilisika, kisha ukayatazama yale yaliyotumia fedha nyingi yakabaki palepale, utaona si chombo kilichoyatofautisha. Ni maamuzi yaliyotangulia chombo: nyumba zijengwe wapi, nafasi ya barabara apewe nani, mwenye basi alipwe kwa kipi, na fedha za kuendesha mfumo zitoke wapi miaka kumi baada ya utepe kukatwa. Ni mambo yasiyotoa picha nzuri gazetini, na nadhani ndiyo sababu hupitwa haraka.

Tunapima nini?

Kwa muda mrefu wahandisi wa barabara walipima jambo moja kuliko mengine: magari yanapita kwa kasi gani. Barabara yenye magari yanayokwenda mbio ikapata alama nzuri, yenye foleni ikapata mbaya, na dawa ikawa kuongeza kasi. Kasoro ya kipimo hiki haionekani upesi. Mtu hasafiri ili akusanye kilomita. Anasafiri ili afike kazini, sokoni, hospitalini, kwa nduguze. Anayetembea dakika kumi kwenda kazini haingii popote katika hesabu ya kasi, ingawa jiji limemhudumia vizuri kuliko wenzake wote. Anayeendesha gari kilomita 80 kwa saa, saa nzima, kila asubuhi, huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mafanikio.

Katika miaka ya 1970 Yacov Zahavi, mchambuzi wa usafiri aliyefanyia kazi Benki ya Dunia, alilinganisha miji ya kila namna, tajiri na maskini, akaona kwamba wastani wa muda ambao watu hutumia njiani kila siku unakaribiana sana: kama saa moja hivi. Mwanafizikia Cesare Marchetti wa Italia aliliendeleza wazo hilo mwaka 1994. Maana yake kwa mpangaji ni nzito. Ukiongeza kasi, watu kwa jumla hawarudi nyumbani mapema na dakika walizookoa. Wanahamia mbali zaidi, kwenye viwanja vya bei nafuu, na baada ya miaka michache muda wao wa safari ni uleule ila jiji limetanuka. Wastani huo, kwa kweli, unaficha dhuluma: asiye na gari anayeishi pembezoni anaweza kutumia saa mbili au tatu, na hana pa kuzipunguzia.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa zaidi ni hiki: mkazi wa kawaida asiye na gari, akipewa dakika 45, anaweza kufikia ajira ngapi, shule ngapi, zahanati ngapi? Ukiuliza hivyo, orodha ya miradi hubadilika. Kujenga zahanati katika mtaa uliokuwa hauna kunakuwa mradi wa usafiri, maana kumefuta maelfu ya safari. Safari iliyofutwa haihitaji basi, leni wala betri.

Kupanua barabara, na kufungua barabara

Mwaka 1962 mchumi wa Marekani Anthony Downs aliandika kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, saa za msongamano itajaa tena hadi kiasi chake kipya. Hakuna uchawi ndani yake. Siku ya kwanza barabara ni nyeupe. Aliyekuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni sasa anatoka saa moja. Aliyekuwa anapita njia za uchochoroni anarudi barabara kuu. Aliyekuwa anapanda basi ananunua gari. Hao wote wanatosha kurudisha foleni kabla hata hujawahesabu watakaojenga nyumba mpya mwisho wa barabara kwa sababu tu barabara ipo. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha uchambuzi wa takwimu za miji ya Marekani ulioonyesha kuwa kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na kilomita za leni zinazoongezwa. Houston walilijaribu hilo kwa vitendo. Barabara ya Katy ilikamilika kupanuliwa mwaka 2008, na sehemu yake pana kabisa, ukihesabu barabara za pembeni, ina leni 26. Haikupita miaka mingi muda wa safari za asubuhi na jioni ukaanza kupanda tena.

Linalowashangaza wengi ni kwamba kinyume chake nacho hutokea. Seoul, mwaka 2003, ilianza kubomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon iliyopita katikati ya jiji, na mwaka 2005 ikafungua mahali pake kijito chenye njia za kutembea. Kiama kilichotabiriwa hakikuja. Sehemu ya magari ilitawanyika, sehemu ya safari ikahamia kwenye mabasi, ambayo jiji lilikuwa limeyapanga upya katikati ya kazi hiyo.

Hapa lazima nitofautishe mambo mawili, kwa sababu hoja hii hunukuliwa vibaya katika majiji yanayokua. Kupanua barabara moja ambayo tayari imejaa ni jambo moja. Kufungua mitaa mahali ambapo haipo ni jambo jingine kabisa. Kitongoji kilichojengwa bila mpango, chenye vichochoro tu na barabara moja ya kuingilia, hakiwezi kupitisha basi, gari la zimamoto wala bomba la maji taka. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, linapendekeza angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe mitaa, na angalau kilomita 18 za mitaa katika kila kilomita ya mraba. Mji usio na mitaa ya kutosha hausaidiwi kwa kuambiwa kwamba barabara huleta foleni. Mitaa midogo mingi inayoungana ni mali, na barabara kuu moja yenye leni nyingi inayokata mji vipande viwili ni gharama.

Ardhi kwanza

Mwaka 1811 jiji la New York lilikuwa na watu wasiofika laki moja, waliosongamana ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Mwaka huohuo tume yake ilichora mitaa hadi Mtaa wa 155, ikikata mashamba, vilima na mabwawa ambako hakukuwa na mji. Ilichukua miongo mingi mitaa hiyo kujaa. Barcelona nayo, kwa mpango wa Ildefons Cerdà wa mwaka 1859, ilitenga mitaa ya upana wa mita 20 nje ya kuta za mji wa kale. Mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi na sasa njia za baiskeli zimeingia katika nafasi hiyohiyo, na waliochora hawakuweza kujua vyombo vyote vitakavyokuja. Walichokijua ni kwamba ardhi ya barabara ni rahisi kuipata kabla ya nyumba na ni ghali mno baada yake. Jiji linalokua kwa kasi lina nafasi hii leo, na kila msimu wa ujenzi holela unaipunguza.

Baada ya mitaa huja swali la wapi watu wakae wengi. Curitiba, nchini Brazili, ndiyo mfano unaotajwa kila mara, ingawa mara nyingi hutajwa kwa sababu ya mabasi yake tu. Mpango wake mkuu ulipitishwa mwaka 1966. Jaime Lerner alipokuwa meya kuanzia mwaka 1971 aliutekeleza: majengo marefu yaruhusiwe kando ya mihimili michache, yaani barabara kuu zinazotoka katikati ya jiji, na urefu upungue kadiri unavyoachana na mhimili. Barabara za mabasi pekee zilianza mwaka 1974 katikati ya mihimili hiyo. Basi lilifuata watu, na watu wakafuata basi, kwa sheria moja ya ardhi. Jiji likiiga basi la Curitiba bila kuiga sheria yake ya ujenzi, hupata mabasi yanayojaa upande mmoja asubuhi na kurudi matupu, kwa sababu njiani hakuna ofisi, shule wala soko, ni nyumba za kulala tu.

Copenhagen ilifanya jambo la jamii hiyo mwaka 1947 kwa mpango uliochorwa kama kiganja: kila kidole ni reli yenye makazi, na katikati ya vidole mashamba na misitu iachwe. Hong Kong ikaenda mbali zaidi, ikalipatia shirika lake la reli haki ya kuendeleza ardhi juu na kando ya vituo, ili faida ya nyumba na maduka igharamie reli iliyoipandisha thamani ardhi hiyo.

Upande wa pili wa shilingi uko Mexico. Serikali iligharamia mikopo ya nyumba nafuu kwa mamilioni, na wajenzi wakatafuta ardhi rahisi, mbali na kila kitu. Nyumba nyingi zikaachwa tupu, na umbali wa kazi ulikuwa sababu kubwa. Familia ilikuwa imepunguziwa bei ya nyumba, lakini tofauti hiyo ikailipa kila siku katika nauli na saa za usingizi. Wizara ya nyumba iliandika ushindi, na wizara ya uchukuzi ikarithi deni.

Leni moja inabeba nani

Nafasi ya barabara mjini haiongezeki, kwa hiyo hesabu ya msingi ni watu wangapi wanapita katika leni moja kwa saa. Leni ya mjini yenye taa za kuongozea hupitisha magari mia kadhaa kwa saa, na gari la binafsi kwa kawaida hubeba mtu mmoja na kitu. Unaishia kwenye watu elfu moja au zaidi kidogo. Leni hiyohiyo wakipewa mabasi peke yao, hata mabasi ya kawaida, hubeba watu maelfu kadhaa. Ndiyo maana kupaka rangi leni ya mabasi na kuilinda kwa dhati ni mradi wenye faida kubwa kuliko gharama yake. Neno zito hapo ni "kuilinda". Leni ya basi ambayo askari anaruhusu msafara upite, kisha teksi, kisha yeyote mwenye haraka, ni rangi tu.

Mwendokasi ni hatua inayofuata, na hapa kuna jambo ambalo hata waamuzi wengi hawalijui: uwezo wa mfumo haupotei barabarani, unapotea kituoni. Chukua basi linalosimama dakika nzima wakati abiria wanapanda mmoja mmoja kwa mlango wa mbele, wakipanda ngazi, wakimlipa kondakta. Nafasi moja ya kusimamia haiwezi kuhudumia zaidi ya mabasi 60 kwa saa, na kwa kweli ni pungufu, maana basi linahitaji muda wa kuondoka na lingine kuingia. Ongeza mabasi utakavyo, yatapanga foleni nje ya kituo. Sasa toa ulipaji ndani ya basi, upeleke getini. Inua sakafu ya kituo ilingane na ya basi, ili mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto waingie bila kusaidiwa. Fungua milango mitatu au minne kwa pamoja. Dakika inashuka kuwa sekunde ishirini hivi. Vituo vya bomba vya Curitiba, vilivyoanza mwaka 1991, vilibuniwa kwa ajili hiyo hasa.

Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ikaongeza kipande kilichobaki. TransMilenio, mwendokasi wake uliofunguliwa Desemba 2000 chini ya meya Enrique Peñalosa, iliweka leni ya kupishana vituoni na nafasi kadhaa za kusimama, ili basi la moja kwa moja lipite lile linalosimama kila kituo. Kwa muundo huo barabara yake kuu imebeba zaidi ya abiria 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kiwango ambacho watu walidhani ni cha treni peke yake. Baadaye ikafuatwa na Jakarta, Lagos, Johannesburg, Guangzhou, Dar es Salaam na majiji mengine mengi.

Sifa hizo zisifiche la pili. Bogotá iliendelea kukua, ujenzi wa korido mpya, yaani barabara kuu za mabasi hayo, ukachelewa, na mabasi yakashindiliwa watu hadi maandamano yakafunga vituo mwaka 2012. Korido inayoelekea kujaa haiokolewi kwa kuisifu. Hapo ndipo treni inapata hoja ya kweli: mahali ambapo abiria wanaopita ndani ya saa moja ni makumi ya maelfu, kila siku, ambapo barabara haina upana wa kutoa leni nne kwa mabasi, na ambapo jiji lina uhakika wa kulipa gharama ya kuendesha. Chini ya hapo, treni ya chini ya ardhi huwa inanunua kilomita chache kwa fedha ambazo zingeweza kuhudumia jiji zima juu ya ardhi.

Delhi inafundisha somo la siasa. Korido yake ya mabasi, ya urefu usiofika kilomita 6, ilifunguliwa mwaka 2008. Mabasi yalipita katikati, magari binafsi yakabaki na leni pungufu na taa ndefu za makutano, na wenye magari walikuwa na sauti magazetini na mahakamani. Mwaka 2016 ikabomolewa. Kipande kifupi kilichukua nafasi ya wenye nguvu kabla hakijawapa watu wa kutosha faida ya kukitetea, na nadhani ufupi wake ulikiua kuliko kasoro zake za uhandisi.

Hesabu ya siku

Katika majiji mengi yanayokua, watu wengi hawapandi basi la serikali wala treni. Wanapanda basi dogo la mtu binafsi. Ni kosa kulidharau, kwani limefika mitaa ambayo mpango wowote wa serikali haukufika, bila ruzuku. Lakini tazama mkataba wake. Dereva anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, kiasi kilekile iwe mvua iwe jua, na kinachozidi ndicho chake na kondakta wake. Kutokana na mkataba huo mmoja utapata karibu kila kero unayoijua: basi linasubiri lijae ndipo liondoke, linakimbizana na mwenzake kuwahi abiria wa kituo cha mbele, linakatisha safari abiria wakiwa wachache, linamkataa mwanafunzi mwenye nauli pungufu, na usiku halionekani. Ukimfunza dereva adabu bila kugusa mkataba, hesabu itamrudisha alikokuwa ndani ya wiki.

Seoul ilikuwa na mabasi ya kampuni binafsi yenye ugonjwa wa aina hiyo. Julai 2004 jiji halikuyataifisha. Lilichukua mamlaka ya kupanga ruti na ratiba, nauli zote zikaingia mfuko mmoja, na kampuni zikalipwa kwa kilomita ilizotembeza kwa mujibu wa ratiba. Abiria akapata kadi moja inayokata nauli kwa umbali, anashuka basi hili na kupanda treni bila kulipa upya. Tajiri hana tena sababu ya kumfukuzia mwenzake abiria. Jiji, kwa upande wake, limebeba hatari ya mapato: abiria wakipungua, pengo ni lake.

Mkataba wa kilomita pekee hautoshi, na Santiago ya Chile ililipia somo hilo. Februari 2007 ilibadilisha mtandao wake wote wa mabasi kwa siku moja. Mabasi ya zamani yakaondolewa, ruti mpya zikawalazimu watu kubadilisha vyombo, mabasi yaliyoingia barabarani yakawa machache mno, mifumo ya kuyafuatilia haikuwa tayari, na mikataba ya mwanzo iliwahakikishia waendeshaji sehemu kubwa ya mapato hata wasipobeba watu. Watu wakamiminika kwenye treni za chini ya ardhi hadi zikafurika, na rais Michelle Bachelet akawaomba radhi wananchi. Mpango kwenye karatasi haukuwa wa kijinga. Ulikuwa umeshona vitu kumi vinavyotegemeana na kuviwasha vyote asubuhi moja.

Jambo la kubadilisha vyombo linahitaji maelezo, kwa sababu abiria hulichukia na wapangaji hulipenda. Jiji likitaka kila mtaa uwe na basi la moja kwa moja hadi kila mtaa, litapata ruti nyingi zisizohesabika, kila moja ikiwa na basi moja kila saa. Ruti chache zilizonyooka zinazokatana zinawezesha basi kila baada ya dakika tano, na kubadilisha kunakuwa jambo dogo. Barcelona iligeuza ruti zake kuanzia mwaka 2012 kuwa za mlalo, wima na mshazari kwa hoja hiyo. Lakini hoja ni halali pale tu basi la pili linapokuja haraka, nauli hailipwi mara mbili, na kituo cha kubadilishia kina kivuli, taa na usalama. Ukikosa kimojawapo, abiria yuko sahihi na mpangaji amekosea.

Na basi la kila dakika tano lina adui wake. Likichelewa kidogo, kituoni linakuta watu wengi zaidi, linachelewa zaidi, huku la nyuma linakuta watu wachache na kulikaribia. Baada ya nusu saa mabasi mawili yanafuatana kama ng'ombe wa malishoni na nyuma yao kuna pengo la dakika kumi. Abiria wanasema dereva ni wazembe. Kwa kawaida tatizo ni leni isiyolindwa na ukosefu wa mtu wa kuyapanga kutoka chumba cha udhibiti.

Bei ya kuegesha, bei ya kuingia

Gari la binafsi hutumia takriban asilimia 95 ya maisha yake likiwa limesimama, na nafasi ya kuliegesha pamoja na njia ya kuingilia hula mita za mraba 25 hadi 30, chumba kizuri cha familia ndogo. Sheria za ujenzi za miji mingi bado zinamlazimisha mjenzi atoe nafasi hizo kwa kila nyumba au ofisi, hata pembeni ya kituo cha treni. Gharama inaingia kwenye kodi ya mpangaji, awe na gari au hana. London iliacha sharti la kiwango cha chini mwaka 2004, Mexico City mwaka 2017. Japani ilikwenda njia yake tangu mwaka 1962: katika miji yake mikubwa, anayetaka kusajili gari sharti athibitishe ana pa kuliegesha nje ya barabara. Kwa maoni yangu hii ndiyo sheria rahisi kuliko zote katika fani nzima, na ndiyo isiyoigwa.

Marufuku za namba za magari, zenyewe, hupendwa kwa sababu hazigharimu serikali kitu. Mexico City ilianza mwaka 1989 kuzuia kila gari siku moja ya wiki kwa kufuata namba yake. Baadhi ya familia zikanunua gari la pili, mara nyingi kuukuu na lenye moshi zaidi, lenye namba tofauti. Jakarta ilitaka kila gari katika barabara kuu fulani liwe na watu watatu saa za msongamano, na papohapo ikazaliwa kazi ya kukodishwa kuwa abiria. Ila usiseme sheria hiyo ilikuwa bure. Ilipofutwa ghafla mwaka 2016, watafiti waliopima wakakuta foleni imekuwa mbaya zaidi, hata katika barabara ambazo sheria haikuzigusa.

Tozo ya kuingia katikati ya jiji hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa humwachia mtu aamue safari ipi inastahili kulipiwa. Singapore ilianza mwaka 1975 kwa vibali vya karatasi, ikahamia mitambo ya kielektroniki mwaka 1998. London ilifuata Februari 2003. Anayesema tozo inawaonea maskini anastahili jibu la takwimu za jiji lake: ni nani hasa anaingia katikati kwa gari saa mbili asubuhi, na nani yuko kwenye basi lililokwama nyuma yake?

Nauli ya bure, kinyume na matumaini, haiwatoi wengi kwenye magari. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliondoa nauli kwa wakazi wake mwaka 2013, na wengi wa abiria walioongezeka walikuwa wale waliokuwa wakitembea. Ni msaada mzuri kwa wenye kipato kidogo. Kama lengo ni kupunguza magari, fedha hizo zingenunua mabasi ya kuja mara nyingi zaidi. Ufaransa ina jibu jingine kwa swali la fedha: tangu mwaka 1971, kuanzia eneo la Paris, waajiri hulipa kodi ya usafiri kwa kiwango cha mishahara wanayotoa, kwa kuwa wafanyakazi kufika kazini ni faida yao pia. Mfumo unaotegemea nauli peke yake hukata safari za usiku na za pembezoni kwanza.

Miguu na umeme

Kila safari ya basi ina mwanzo na mwisho wa kutembea, na bado njia za waenda kwa miguu huwa ndilo fungu la kwanza kufutwa bajeti ikipungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Kasi ndiyo jambo kuu. Gari la kilomita 50 kwa saa lina nguvu ya mgongano karibu mara tatu ya lile la kilomita 30, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili. Oslo, baada ya kupunguza kasi, kuondoa maegesho mengi ya barabarani na kutenga njia za baiskeli, ilimaliza mwaka 2019 bila kifo cha mtembea kwa miguu wala mwendesha baiskeli hata mmoja.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Shenzhen, nchini China, ilikamilisha kubadilisha mabasi yake zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme mwishoni mwa mwaka 2017, na hewa na kelele za mitaa zilinufaika. Basi ndipo pa kuanzia, maana linatembea kutwa nzima na lita za dizeli linazoziacha ni nyingi kuliko za gari la mtu mmoja. Gari binafsi la umeme huondoa moshi, halafu linachukua nafasi ileile barabarani, linasimama foleni ileile, na tairi zake bado zinatoa vumbi.

Kuwauliza watu lini

Mengi kati ya haya yanamnyima mtu kitu leo na kumlipa kesho, kwa hiyo ridhaa ya wananchi si pambo. Edinburgh, nchini Uskoti, iliwapigisha wakazi wake kura Februari 2005 kuhusu tozo ya msongamano kabla hawajaiona ikifanya kazi. Takriban robo tatu waliikataa, na mpango ukafa hapo. Stockholm ilipanga mambo kwa mfuatano mwingine. Agosti 2005 iliongeza mabasi na safari. Januari 2006 tozo ikaanza, kwa majaribio, huku wengi wakiipinga. Magari yanayovuka mpaka wa katikati ya jiji yakapungua kwa karibu moja ya tano, mtu akaweza kuona mtaa wake ukiwa na nafasi. Mwisho wa Julai tozo ikasimamishwa kama ilivyoahidiwa, na magari yakarejea. Septemba ndipo kura ikapigwa, wakazi wakiwa wameishi hali zote mbili. Zaidi ya nusu ya wapiga kura wa jiji waliikubali, na Agosti 2007 tozo ikarudi, safari hii ya kudumu.